Abiria wa Kiti cha Kumi na Nne: Bwana Sindano Apatikana

Haya, nyinyi mlioniandikia kunitukana kwa kumwacha binti wa watu mlangoni wiki nzima, punguzeni hasira. Mkono wake bado uko juu ya kitasa cha ofisi ya gazeti. Leo anafungua.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: binti huyu ni mtangazaji wa stendi kuu ya mabasi. Kwa miaka tisa watu wamemwita Sauti, maana wanaomsikia ni wengi kuliko wanaomwona. Wiki iliyopita alitoa wimbo wake wa kwanza. Hauna ngoma, hauna gitaa, hauna kiitikio. Ni yeye tu anatangaza mabasi, moja baada ya jingine, taratibu, mpaka tangazo linageuka kilio. Mwisho anamwita mara tatu abiria wa kiti cha kumi na nne, na abiria hatokei.

Abiria huyo alikuwa mchumba wake. Siku ya kwenda kutambulishwa kwa wazazi wa bwana, Sauti alingoja stendi na mkoba begani hadi basi likaondoka. Huu ni mwaka wa nne hajamtia machoni.

Wakosoaji waliupokea wimbo kwa mawe. Mmoja aliuliza, "Huu ni wimbo au ratiba?" Mwingine akaandika kwamba alikingoja kiitikio mpaka chai ikapoa. Wa tatu, wa televisheni, alitaka kujua kama ukiununua unapewa na tiketi. Hao Sauti aliwameza kama dawa chungu, akanywa na maji.

Aliyemkwama kooni ni Bwana Sindano wa gazeti la Alhamisi, mkosoaji anayesomwa na kila mtu na asiyejulikana na mtu. Aliandika hivi: "Mwanamke kaachwa stendi, sasa anataka nchi nzima imsindikize nyumbani. Na bwana mwenyewe alishapanda basi la kwanza la alfajiri, begi lake la kijani mapajani, kakaa zake dirishani."

Sasa, msomaji, wimbo hausemi hayo. Sauti mwenyewe hakuyajua hayo! Miaka yote alijiuliza mtu yule alitokaje mjini, kwa miguu au kwa mbawa. Ni nani basi aliyeliona hilo begi la kijani?

"Ni yeye mwenyewe," Mama Mdogo alimnong'oneza pale mlangoni. Huyu ni mdogo wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea, na ulimi wake haujawahi kupumzika hata siku ya msiba. "Bwana Sindano ni mchumba wako huyohuyo. Kakuacha, halafu kaja kukucheka gazetini. Fungua mlango nimtoe macho!"

Sauti akafungua.

Ndani hamkuwa na mchumba. Kulikuwa na mzee mmoja, mhariri wa ukurasa wa burudani, anapekua makaratasi mezani akitafuta miwani iliyokuwa juu ya paji lake la uso.

"Shikamoo, mzee," alisema Sauti.

"Marahaba. Mmeiona miwani yangu?"

"Iko kichwani kwako," Mama Mdogo akadakia. "Na Sindano yuko wapi?"

Mzee aliishusha miwani, akawatazama mmoja mmoja. "Sindano hayupo. Hajawahi kukanyaga hapa. Kila Jumatano anapiga simu, anaacha maneno yake kwenye mashine, mchapaji wetu anayachapa. Mwaka wa pili huu. Mimi namjua kwa sauti tu."

"Kwa sauti tu?" Binti alitabasamu, na halikuwa tabasamu zuri. "Mzee, mimi nimekula na kuvaa kwa sauti tu. Nisikilizishe."

"Haiwezekani, mwanangu. Siri ya mwandishi ni siri ya gazeti."

"Basi nisikilize mimi." Sauti alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Redio wamenipa wiki moja ya majaribio. Wiki inakwisha leo. Saa kumi jioni wanakaa kikao, na mkuu wa muziki kaniambia bila kuficha: Sindano asipofuta maneno yake, wimbo unatupwa na hautapigwa tena. Nina wimbo mmoja tu, mzee. Sina wa pili. Nao unauawa na mtu aliyeandika mambo ambayo hayamo."

"Hayamo kivipi?"

"Umeusikiliza?"

Mzee akakohoa. Hakuwa ameusikiliza.

Basi akausikiliza palepale, kwenye simu ya Mama Mdogo, kichwa kimeinama. Ulipokwisha aliirudisha simu. Halafu akachukua gazeti la jana, akaweka kidole kwenye mstari wa begi la kijani, akasoma, akarudia.

"Huyu kanidanganya na mimi," alisema. "Kakosoa kitu asichokisikia, kwa jina la gazeti langu." Akanyanyuka, akafunga mlango, akabonyeza mashine.

Iliyotoka ilikuwa sauti ya chini, imebanwa kama mtu anayeongea ndani ya khanga. Na ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Lo!" Mama Mdogo akapiga makofi. "Kumbe Bwana Sindano ni Bibi Sindano!"

"Nyamaza, Mama Mdogo, tafadhali."

Sauti alikuwa amefumba macho. Hakumtambua mwenye sauti hiyo, maana alikuwa amejibana mno. Lakini nyuma ya maneno, kwa mbali kidogo, palikuwa na mtu mwingine anaongea. "Abiria wa basi namba saba, mlango wa pili. Abiria wa basi namba saba..."

"Huyo wa nyuma ni mimi," alisema.

"Basi kapiga simu akiwa stendi," mzee akasema. "Stendi ina watu maelfu. Tumekwama."

"Hatujakwama. Rudisha."

Akarudisha. Sauti akasikiliza, akaomba irudishwe tena, na safari hii akafumbua macho. Stendi ina spika sita juu ya nguzo, mzee, alimweleza. Ukisimama popote kule chini, neno moja linakufikia mara mbili, mara tatu, linagongana na mwangwi wake. Abiria wamezoea, hata hawausikii tena. Lakini tangazo hili la nyuma ya Sindano halikuwa na mwangwi. Lilikuwa kavu. Lilikuwa linatoka mdomoni, halijapita kwenye spika yoyote.

Na tangazo husikika kavu mahali pamoja tu: ndani ya kibanda cha kioo cha watangazaji.

"Basi namba saba ni la saa nane, na hiyo ni saa ya kubadilishana zamu," Sauti alisema polepole. "Mimi namaliza, nimekaa mbele ya kioo, vidude vya masikioni nimevaa, sisikii ila sauti yangu. Na nyuma yangu, kwenye kigoda, anakaa anayenipokea."

"Nani anakupokea?"

 Mama Mdogo ndiye aliyejibu, kwa kunong'ona. "Pacha."

Pacha! Mtangazaji mwenzake, aliyegawana naye kiti kimoja miaka tisa mpaka stendi nzima ikawapa jina hilo. Pacha aliyemfuta machozi siku ile. Pacha aliyekula kwao, akalala kwao, aliyekuwa wa kwanza kuusikia wimbo, akamkumbatia na kumwambia, "Shoga yangu, umetisha!" Akatoka hapo akaenda kumdunga gazetini, hatua mbili nyuma ya mgongo wake, yeye akitangaza basi namba saba.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mzee akasema.

Sauti hakulia. Wale mnaopenda alie, wiki hii mtanisamehe. Kilichomwingia jina lake ni kisasi. Alitaka Pacha aumie. Alitaka aumie mbele za watu, kama yeye alivyoumia mbele za watu.

"Labda tumsikilize kwanza," Mama Mdogo alisema. "Mtu wa miaka tisa, mwanangu..."

"Sasa hivi ulitaka kutoa macho."

"Macho ya mwanaume. Huyu ni mwenzetu."

Mzee alikuwa ameshachukua karatasi. Aliandika mistari minne: kwamba mimi, niandikaye kwa jina la Bwana Sindano, nafuta niliyoyaandika juu ya wimbo huu, kwa kuwa si ya kweli na hayamo. Akaacha nafasi ya saini. "Akitia saini, nipigie simu tu, unisomee jina lake. Nampigia mkuu wa muziki mimi mwenyewe. Lakini iwe kabla ya saa kumi. Baada ya hapo hata nikipiga magoti hawatanisikia."

Ilikuwa saa nane na nusu. Sitawachosha na njia, itoshe kwamba saa tisa na dakika arobaini Sauti alikuwa anapanda ngazi za chuma za kibanda, karatasi mkononi, na Mama Mdogo nyuma yake anahema na kurudia jambo moja: "Chukua saini tuondoke. Usimwulize mengi. Saini tu, tuondoke."

Pacha alikuwa kazini, bakuli la karanga mbele yake. Alipowaona aliruka na mikono wazi. "Mwenyewe huyo! Redio wamesemaje?"

Sauti aliiweka karatasi juu ya karanga. "Tia saini."

Pacha akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko mistari minne inavyohitaji.

"Sindano ndiye nani?" akauliza.

"Usinichezee. Nimesikia mashine. Nimejisikia mwenyewe nyuma yako, kavu, bila spika."

 Kule chini basi lilipiga honi, mtu akamwita mtoto wake. Pacha alichukua karanga moja, akaimenya, akaiangalia, akairudisha.

"Ile Jumatano nilikuwa nimechelewa," alisema hatimaye. "Siku zote napigia nyumbani."

Siyo samahani, msomaji! Siyo nisamehe! Anajilaumu kwa kuchelewa!

"Kwa nini?" Sauti aliuliza.

"Kwa nini? Ulipokuja hapa ulikuwa unatangaza kama unasoma majina ya waliofeli. Nani alikufundisha kulivuta neno la mwisho? Nani alikwambia upumue kabla ya namba, ushuke baada ya mlango? Ule uvutaji wako wanaousikia kwenye wimbo ni wangu. Wangu mimi! Umeuchukua ukaenda studio kimyakimya, ukarudi nao umeshaurekodi, na jina langu halimo hata kwa bahati mbaya. Ulitaka nipige vigelegele?"

"Ungeniambia."

"Nimekwambia. Kila Alhamisi watu wananisoma, nikakwambia gazetini."

"Na begi la kijani?" Sauti alisogea. "Wewe ndiye uliyekuwa zamu ya alfajiri siku ile. Ulimwona anapanda. Halafu saa nne mimi nikapanda ngazi hizi na mkoba begani, nikakuomba kipaza sauti, nikamwita mara tatu, stendi nzima inanitazama. Ukanipisha. Ulikuwa unajua hayupo, ukanipisha niite!"

 Pacha aliangalia chini, na mara moja tu, haraka, akamwangalia Mama Mdogo.

"Saa kumi kasoro robo," alisema Mama Mdogo. "Saini, mama. Saini yaishe."

"Nitasaini," Pacha akasema. "Wimbo wako utapigwa, utakuwa mtu mkubwa, mimi nitaacha kuandika. Lakini haya yafie humuhumu. Nina watoto, na kazi yangu ni hii. Usinitoe kwa watu."

Akachukua kalamu, akasaini. Jina lake lote, mpaka la babu.

"Haya!" Mama Mdogo akamvuta Sauti mkono. "Umepata ulichokijia. Twende, mwanangu, twende, piga simu tukiwa njiani."

Na kweli alikuwa amekipata. Mimi na wewe tungeshuka ngazi. Kule chini kulikuwa na wimbo wake mzima mzima, hai, umepona, unamngoja. Sauti alishafika hata mlangoni, simu mkononi.

Kisha akamsikia Pacha, nyuma yake, anatafuna. Karanga! Mtu kamla mwenzake nyama, halafu kageukia karanga zake, na anakwenda kutangaza basi la saa kumi kama jana, kama juzi, na kesho wapiga debe watamwamkia na wauza maji watamtania. Hakuna atakayejua. Aliyeaibika mbele ya stendi nzima atabaki mmoja tu, yuleyule wa siku zote.

Sauti akageuka. Akapita mbele ya Pacha, akabonyeza kitufe, na taa nyekundu ikawaka.

"Abiria wote na wafanyakazi wote wa stendi," alisema, na spika sita zikasema naye. "Hapa ni Sauti. Bwana Sindano mnayemsoma kila Alhamisi yuko kibandani leo, mkimtaka mumwone. Ni Pacha. Ni huyu mnayemwita Pacha wangu. Aliyewatukana wasanii wenu miaka miwili amejificha nyuma ya jina la mwanaume ni yeye. Na siku ile nilipomwita mchumba wangu hapa mkanicheka, yeye alikuwa ameshamwona anaondoka, akaniacha niite."

Kule chini nyuso zote ziligeuka juu. Wapiga debe walinyamaza, jambo ambalo sijawahi kulisikia likitokea. Kisha mtu mmoja akazomea, wa pili akafuata, na zomeazomea ikapanda zile ngazi za chuma kama maji.

Utamu wake! Sauti aliuhisi mpaka kwenye vidole vya miguu. Pacha alikuwa amesimama wima, mdomo wazi, jasho linamtiririka, na kila tone lilikuwa tamu.

Kisha Pacha akamrukia. Hakumpiga. Alimpokonya karatasi, akaichana mara mbili, mara nne, akavitupa vipande kwenye bakuli. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tatu, na wimbo ulikuwa umelala ndani ya maganda ya karanga.

"Umenivua nguo hadharani," Pacha alisema, anahema. "Vizuri. Tuvuane wote."

"Zima hiyo taa!" Mama Mdogo alisema kutoka mlangoni. "Zimeni, nyinyi watoto!"

Hakuna aliyezima. Pacha akakivuta kipaza sauti karibu na mdomo, akapumua kabla ya kusema, na kweli, nyie, uvutaji ule ulikuwa wake.

"Abiria wote, mmesikia lake, sikieni na langu. Mchumba wake hakumkimbia. Alfajiri ile alipata habari baba yake amezidiwa. Alipanda basi la kwanza, akaniachia karatasi nimpe huyu. Sikumpa. Nilitaka aone uchungu kidogo, kwa kuwa alikuwa anaolewa na kuniacha humu peke yangu. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini siku ya tatu, baada ya kumzika baba yake, yule bwana alirudi."

Sauti alishika ukingo wa meza. "Alirudi?"

"Alikuja hapa. Nikamwambia umeacha kazi. Hakuniamini, akaenda kwenu. Wewe ulikuwa ndani, umelala na homa. Akagonga mlango. Akafunguliwa, akaambiwa umeshaolewa na mtu mwingine, asirudi tena. Alipita hapa jioni kuchukua basi, analia kama mtoto, akanisimulia yote." Pacha alinyoosha kidole, taratibu, kupita bega la Sauti. "Mwulize aliyemfungulia mlango."

Zomeazomea ilikatika kule chini. Stendi nzima ilikuwa inangoja, vichwa juu.

Sauti aligeuka. Mama Mdogo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu kabisa, mkoba wake mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusema. Hakukana. Hakuapa. Hakumtukana Pacha. Mkononi mwa Sauti simu ikaanza kuita, jina la redio kwenye kioo chake, ikaita, ikaita, na hakuna aliyeitazama.

"Mama Mdogo," alisema Sauti. "Sema si kweli."

Mama Mdogo alinyanyua macho. Alimtazama mwanawe, akaitazama ile taa nyekundu.

"Mwanangu," alisema, "zima kwanza hicho kipaza sauti."